Boti iliyofika saa tisa

Swali la saba lilikuwa fupi. Ulikuwa mtihani wa Hisabati wa kidato cha kwanza, nilioutunga mwenyewe usiku, kwa Kiingereza kama ilivyo kwa masomo yetu ya sekondari. Boti imeondoka Kigoma saa 10:00 asubuhi kwa saa ya Kizungu, imesafiri kwa muda wa saa tano, je, imefika saa ngapi? Nikaweka majibu manne ya kuchagua, yote ya baada ya adhuhuri: 2:00, 3:00, 5:00 na 9:00. Jibu sahihi ni 3:00. Hiyo 9:00 sikuifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimechoka, nafasi ya D ilikuwa wazi, nikaijaza.

Siku ya kusahihisha nikakuta waliochagua 9:00 ni wengi kuliko waliopata. Ofisini nikalalamika kwa sauti kwamba watoto tunaoletewa hata 10 na 5 hawawezi kujumlisha. Hakuna aliyenipinga, maana lalamiko lenyewe tumelizoea.

Kesho yake nilimwita binti mmoja aliyechagua 9:00. Mama yake hufanya biashara ya mawese, hupanda boti za mwalo wa Kibirizi kwenda Kagunga na kurudi. Nikamuuliza hiyo 9:00 ameipata wapi.

"Mwalimu, si boti imetoka saa nne? Nne na tano ni tisa. Inafika saa tisa."

Alikuwa sahihi. Boti inayotoka saa nne asubuhi na kusafiri saa tano inafika saa tisa alasiri, na saa tisa alasiri ndiyo 3:00 ya Kizungu. Kujumlisha anajua. Kilichomponyoka ni hatua ya mwisho, kuitoa saa ya Kibirizi na kuirudisha kwenye saa ya karatasi. Swali langu lilimuuliza mambo matatu kwa mpigo, yaani Kiingereza, hesabu na mfumo wa saa, kisha likampa sifuri moja kwa yote matatu. Nami nikaisoma ile sifuri kana kwamba inanieleza akili yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma karatasi za mitihani kwa jicho jingine, na nimefikia mahali pa kusema wazi: sehemu kubwa ya kile tunachokiita kufeli kwa watoto wa mkoa huu wa Kigoma inaanzia mezani kwa mtunga maswali, na mtunga maswali mara nyingi ni sisi walimu wenyewe. Matokeo yakitoka tunawatafuta wa kulaumu. Tunalaumu simu, wazazi wa mwambao wanaowapeleka watoto ziwani msimu wa dagaa, na walimu wa shule ya msingi waliotangulia. Ni nadra sana mtu kuifungua karatasi yenyewe na kuuliza swali hili lilikuwa linapima nini hasa.

Chukua mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Masomo ni sita, kila somo lina alama 50, jumla 300, na daraja C linaanzia alama 121. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua yanasomwa na mashine. Mtoto anaweka kivuli kwa penseli kwenye herufi moja kati ya tano. Siku hizi karatasi zina pia maswali machache ya kuandika mwishoni, na hilo ni jambo jema. Lakini tupige hesabu ya sehemu ya kuchagua peke yake, kana kwamba ndiyo karatasi nzima. Mtoto asiyejua chochote, akiotea kila swali, kwa wastani atapata moja katika kila matano, yaani alama 60 kati ya 300. Sasa mchukue mtoto anayejua robo tu ya maswali. Robo ni alama 75. Zinabaki 225 za kuotea, na sehemu moja kati ya tano ya hizo ni 45. Jumla 120. Anayejua robo ya yaliyoulizwa amesimama alama moja nje ya mlango wa C, na bahati kidogo tu inamwingiza ndani.

Mwaka 2012 serikali ilipobaini kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika, nchi nzima ilishtuka, na mazungumzo mengi yakaishia kwenye wizi wa mitihani. Wizi ni jambo baya na unastahili kupigwa vita. Ila hesabu niliyoonyesha hapo juu haihitaji mwizi. Inahitaji penseli, na mwalimu aliyemwambia mtoto asiache swali wazi. Ushauri huo nami nautoa, kwa sababu hakuna alama inayokatwa kwa kukosea na kuacha wazi ni kujinyima.

Halafu mtoto huyo anapanda sekondari. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne hauna swali la kuchagua hata moja. Kila kitu ni kuonyesha njia. Kitaifa, wanaofaulu somo hilo wamekuwa wakizunguka kwenye robo ya watahiniwa, au chini yake, kwa miaka kadhaa sasa. Sababu ni nyingi, na uhaba wa walimu wa Hisabati ni mmoja wa mizizi mikubwa. Lakini fikiria pia safari ya mkono wa mtoto. Kwa miaka mingi amefundishwa kutafuta jibu lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, achague moja kati ya matano. Ghafla anapewa karatasi nyeupe na kuambiwa aanze mwenyewe. Naona hilo darasani kila mwaka. Kuna wanafunzi wangu ambao nikiwapa hesabu yenye majibu ya kuchagua, wanayachukua majibu yale moja baada ya jingine na kuyapachika kwenye swali mpaka mojawapo likubali. Ni ujanja wa maana kabisa, unaonyesha wanaelewa swali linataka nini. Nikiyaondoa majibu yale, nikaacha swali lilelile, kalamu inasimama.

Tukiongeza lugha, mzigo unakuwa mkubwa zaidi. Mtoto wa Buhigwe au wa vijiji vya Kasulu anaanza maisha kwa Kiha. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, anakifanyia kazi miaka yote ya msingi mpaka kinakuwa lugha yake ya kufikiria hesabu na sayansi. Kidato cha kwanza tunamnyang'anya na kumpa Kiingereza. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kusoma masomo kwa lugha hiyo. Kuanza, si kumaliza. Miaka zaidi ya 20 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wakiongozwa na Pauline Rea-Dickins, pamoja na wenzao wa Zanzibar, walifanya jambo ambalo kila mwalimu anaweza kulielewa. Walichukua maswali ya mitihani ya kidato cha pili wakayaandika upya. Mengine waliyarahisisha Kiingereza chake, mengine wakayawekea michoro, mengine wakayauliza kwa Kiswahili. Maarifa yaliyotakiwa hayakubadilika. Wanafunzi walioshindwa swali la awali, wengine walioliacha tupu kabisa, wakaanza kuonyesha wanachokijua.

Najua mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa kuliko makala hii, na sitaumaliza leo. Ninachosema ni kidogo zaidi na kiko ndani ya uwezo wetu. Hata ndani ya Kiingereza kilekile, sentensi ya maneno 30 yenye vishazi vitatu inaweza kuandikwa kwa sentensi mbili za maneno tisa tisa. Sheria haituzuii. Mtihani wa Biolojia unapima Biolojia, na mtoto anayejua kwa nini mmea wa muhogo uliokatwa shina unaweza kuota tena hastahili kuikosa alama kwa sababu ya neno moja la kitabuni ambalo mtunzi alilipenda.

Neno jingine linalonikera ni "isipokuwa". Zote zifuatazo ni njia za kuzuia kutu isipokuwa. Mtoto anasoma, anaona kupaka rangi, anajua kwamba kupaka rangi kunazuia kutu, anachagua. Amejua na amekosa. Neno moja limemgeuzia swali kichwa chini, tena katikati ya maswali ambayo yote yaliuliza kwa njia ya kawaida. Wataalamu wa utunzi wa mitihani wamekuwa wakionya dhidi ya maswali ya namna hii kwa muda mrefu. Bado karatasi zetu za ujirani mwema, yaani mitihani ya pamoja ya shule jirani, zimejaa maswali hayo, kwa sababu ni rahisi kutunga: unanakili orodha kutoka kitabuni, unachomeka kitu kimoja cha uongo, kazi imekwisha.

Nisieleweke vibaya kuhusu maswali ya kuchagua. Ninafundisha mikondo yenye wanafunzi zaidi ya 100, na hakuna mwalimu atakayesahihisha insha 100 kila wiki mbili na bado akaandaa masomo. Swali la kuandika nalo lina dhuluma yake. Linambeba mwenye Kiingereza na mwandiko mzuri, na linategemea kama msahihishaji amechoka au amepumzika. Nchini Marekani, Sean Reardon na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba wavulana hufanya vizuri zaidi kiasi pale mtihani unapokuwa na maswali mengi ya kuchagua, na wasichana pale unapokuwa na mengi ya kuandika. Maana yake, ukichagua muundo wa karatasi umekwisha kuchagua kidogo nani atakuwa mbele, hata kabla mtoto hajaingia chumbani. Kwa hiyo tuchanganye. Maswali 20 ya kuchagua yaliyotungwa kwa uangalifu na mawili ya kuonyesha njia yananieleza mengi kuliko 50 ya haraka haraka.

Uangalifu wenyewe uko kwenye yale majibu ya uongo. Watu wa mitihani wanayaita vipotoshi. Jina linatufanya tudhani kazi yake ni kumpotosha mtoto, na ndiyo maana tunayaweka ovyo. Kazi yake hasa ni kumnasa mtoto pale alipokwama ili mwalimu amwone. Ile 9:00 yangu, niliyoiweka kwa uchovu, ilikuwa kipotoshi bora kuliko vyote nilivyowahi kutunga, kwa sababu ilikuwa na njia ya kweli ndani yake. Mtoto hakufika pale kwa kuotea. Ile 2:00 na ile 5:00 hazikunieleza chochote. Waliozichagua wangeweza kuwa wamelala. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 kuhusu jambo hili na akahitimisha kwamba majibu matatu yanatosha. Sisi tunahangaika kuyafikisha matano, la nne na la tano yakiwa ya kujaza nafasi, mtoto anayatupa bila kusoma.

Kuna jambo dogo la kujaribu leo jioni. Chukua mtihani wako wa mwisho uhesabu majibu sahihi yaliyokaa kwenye B na C, kisha yaliyokaa kwenye herufi za pembeni. Yigal Attali na Maya Bar-Hillel walionyesha mwaka 2003 kwamba watunzi hupenda kuficha jibu katikati, na watu wanaootea nao hupenda kuchagua katikati. Nilipohesabu wangu, nilikuta hivyohivyo. Mwanafunzi asiyejua lolote angeweka kivuli C kuanzia juu mpaka chini, angepata zaidi ya aliyejaribu kufikiri.

Kinachoniumiza zaidi kinatokea baada ya mtihani. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo wanaeleza, swali kwa swali, kwa nini watahiniwa walichagua kipotoshi hiki na si kile, walichanganya dhana gani na gani. Ni kazi nzuri, na ziko mtandaoni bure. Nimewauliza walimu wenzangu wa kata kadhaa, wengi hawajawahi kuzifungua. Na sisi kwenye mitihani yetu ya kata na ya utamilifu, ile ya kujipima kabla ya mtihani wa taifa, hatufanyi hata robo ya kazi hiyo. Tunasahihisha, tunajumlisha, tunabandika orodha ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtoto anasimama kwenye orodha, anatafuta jina lake kwa kidole, anaona 31, anaondoka. Karatasi yake haioni tena.

Hapo kuna madhara ambayo watafiti wameyapima. Mwaka 2005 Henry Roediger na Elizabeth Marsh walionyesha kwamba mtu anayechagua jibu la uongo kwenye swali la kuchagua huweza kulikumbuka baadaye kama ukweli. Mtihani wenyewe umemfundisha uongo. Kisha Roediger na Andrew Butler wakaonyesha mwaka 2008 kwamba ukimpa mtu jibu sahihi baada ya mtihani, madhara hayo yanapungua sana. Kwa hiyo karatasi isiyorudishwa inaweza kumwacha mtoto na kosa alilolichagua, na safari hii analiamini. Wazazi wanachangia karatasi hizo, wengine kwa fedha ya debe moja la mihogo.

Pale ambapo hakuna fedha ya kuchapa, mtihani unaandikwa ubaoni. Nimeona darasa la maswali 40 ya kuchagua yaliyoandikwa ubaoni, watoto wakinakili swali na majibu yake yote kabla ya kujibu. Aliyekaa nyuma anauliza jirani hilo ni "tatu" au "nane". Kengele inalia wengine wako swali la 22. Mtihani ule ulipima kasi ya kunakili na macho. Kama ubao ndio tulionao, basi yafaa kuuliza maswali kumi mafupi ya kujibu kwa neno moja au namba moja. Hapo hakuna majibu ya kunakili, na mtoto atatumia dakika zake kufikiri.

Tuliwahi kuonyeshwa kitaifa jinsi kipimo kinavyoweza kubadilisha sura ya watoto walewale. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa, watahiniwa 240,903 walikuwa na daraja sifuri, zaidi ya asilimia 60. Serikali ikaagiza yafutwe na yachakatwe upya, na Mei 2013 yakatangazwa upya huku idadi ya sifuri ikiwa imepungua kwa makumi ya maelfu. Karatasi za majibu hazikubadilika hata nukta. Kijana aliyekuwa amekwisha kufunga begi na kwenda kulima Uvinza akaambiwa kwamba kumbe hakufeli.

Sasa hivi nchi inahama tena. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima ya miaka 10, elimu ya msingi ikiwa miaka sita, na mitaala mipya inasisitiza umahiri. Neno umahiri limo kwenye mitaala ya sekondari tangu 2005. Litabaki neno kama karatasi ya Ijumaa bado inamuuliza mtoto ataje sifa tano za kitu fulani kama zilivyoorodheshwa kitabuni.

Kwa maafisa elimu kata wa mkoa wetu nina ombi moja. Mtihani ujao wa ujirani mwema, kabla ya orodha kubandikwa, walimu wa kila somo wapewe nusu siku wakae na karatasi. Wasihesabu waliopata tu. Wahesabu kwa kila swali wangapi walichagua A, wangapi B, wangapi C, na pale jibu moja la uongo lilipowavuta wengi, waitwe watoto wawili watatu waulizwe walifikiri nini. Kazi hiyo haihitaji kompyuta wala semina ya posho. Mimi nilihitaji daftari la mistari na dakika 40 kwa mtihani mmoja.

Kwa yule binti na wenzake nilichora ubaoni saa mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ikisoma kwa Kiswahili na ya chini kwa Kizungu, tukasafirisha boti, treni ya reli ya kati na basi la Kasulu mpaka wakachoka. Swali nimelitunga upya. Sasa lina sehemu mbili: kwanza unaandika boti imefika saa ngapi kwa saa ya nyumbani, kisha unaiandika kwa saa ya Kizungu, kila sehemu na alama yake.

Stoo ya shule bado ina marobota ya karatasi za utamilifu za mwaka jana, yamefungwa kwa kamba ya katani. Likizo hii nitaanza na lile la juu.